Mlango wa Shangazi Jukwaani

Jumatatu, tarehe 4
Ndiyo, mlango ni wa shangazi. Ulitaka nikodishe wa nani? Mimi nalala sebuleni kwake, sina hata kitasa changu! Pale ukumbini wanafufua mchezo wa kuigiza uliowahi kutikisa dunia: mtu anabisha mlango mwanzo mpaka mwisho, na haufunguliwi ng'o! Enzi zile watazamaji walirusha viti. Safari hii mwongozaji, mama mmoja wa miwani mikubwa, hataki kuta. Anataka milango mikuukuu, na fremu zake, ining'inie hewani kwa kamba, taa zimulike kwa nyuma. Nikamwambia mama, umefika. Shangazi nimemwambia mlango uko kwa fundi, bawaba zimechoka.

Jumatano, tarehe 6
Mlango unapendeza hewani! Unageuka polepole kama bibi harusi anayejua anatazamwa. Nyumbani tumetundika shuka. Mbuzi wa jirani kaingia, kala kalenda. Shangazi kauliza ni fundi gani huyo anayefuga milango ya watu. Nikasema gundi haijakauka.

Ijumaa, tarehe 8
Seremala wa mtaani kwetu ana roho mbaya! Kisa mwongozaji kaukataa mlango wake mpya, kachukua wangu. Basi kaenda kwa shangazi, kamwaga mtama wote. Shangazi hakufoka. Hapo ndipo nilipoogopa. Kasema kesho anaufuata mwenyewe, na mlango usiporudi, na mimi nisirudi.

Jumamosi, tarehe 9
Ukumbi umejaa. Shangazi kiti cha mbele, mkoba mapajani. Milango inaelea, vivuli vyake vimefika darini. Mwigizaji kabisha, kalia, kapiga magoti. Mara shangazi huyooo, jukwaani! Kamwambia mwanangu, utaumia vidole bure, huo unasukumwa kwa bega. Kausukuma. Ukafunguka! Mwigizaji kaduwaa. Tangu mchezo huu uandikwe, hakuna aliyewahi kuingia. Shangazi kamshika mkono, kampitisha, kafunga nyuma yao. Ukumbi mzima wima, makofi! Mwongozaji analia mpaka miwani imeingia ukungu. Mimi chini ya kiti.

Jumapili, tarehe 10
Shangazi kaajiriwa! Atafungua mlango kila onyesho, mwezi mzima. Mlango unabaki kazini naye. Na nyumbani? Kasema nyumba haiachwi wazi, kanitandikia mkeka kizingitini. Mlango sasa ni mimi. Wageni wananiruka. Seremala kapita makusudi, kanigonga kichwani, kapiga hodi!

Ila nimesikia mchezo ujao mwongozaji anataka madirisha. Ya shangazi nayajua, yanatoka kwa bisibisi moja. Na wewe unayechungulia daftari langu, lile dirisha lako la jikoni unalifungua lini? Niachie. Shuka la kuziba natoa mimi. Wewe ficha kalenda tu.