Panki kwa Wenye Meno Mabovu

Jumatatu, 3 Machi

Iandikwe, na vizazi vijavyo visome: leo, saa mbili na dakika kumi asubuhi, mbele ya mashahidi wawili, mmoja akiwa amevimba shavu, nimekabidhiwa mamlaka kamili juu ya redio kaseti ya chumba cha kusubiri katika kliniki ya meno.

Hakuna hotuba iliyotolewa. Daktari aliisukuma redio kwa goti hadi kwenye meza yangu, akaenda zake kunawa mikono.

Historia fupi. Televisheni yetu ilikufa mwezi uliopita. Sista, msaidizi wa daktari na mpinzani wangu katika mambo yote, akaleta kaseti yenye sauti ya maporomoko ya maji ili kuwatuliza wagonjwa. Wakatulia. Kisha wakaanza kuulizia choo. Hadi Ijumaa foleni ya choo ilikuwa ndefu kuliko ya daktari, na mzee mmoja alipitwa na zamu katika foleni zote mbili. Maporomoko yamefungwa. Sista amenuna. Sasa ni mimi!

Kazi yangu ni mapokezi. Naandika majina, nagawa fomu, nasema keti, utaitwa. Lakini hiyo ni riziki tu. Wito wangu ni kuwagawia watu nyimbo za roki na panki za miaka ya sabini na themanini ambazo dunia ilizipuuza. Si zile zinazojulikana. Zinazojulikana hazinihusu. Nazungumzia bendi zilizorekodi wimbo mmoja ndani ya gereji, zikatoa nakala tisa, nane zikachukuliwa na mama zao. Ninazo kaseti mia mbili na kumi na mbili katika boksi moja, chumbani kwangu, nyumbani kwa Dada.

Tatizo ni Dada. Jumamosi analetewa friza ya biashara yake ya juisi, na pembe aliyoichagua ni ile ya chumba changu, ambapo boksi limekaa kwa heshima miaka kumi na moja. Boksi litoke, kasema. Nikamwambia ule ni urithi wa binadamu. Akaniuliza binadamu yupi. Tukabishana hadi chakula kikapoa. Mwishowe akakata shauri: nikimpata mtu mmoja tu, mwenye akili timamu, asiye ndugu, ambaye kwa hiari yake ataomba wimbo wangu urudiwe, na yeye Dada akasikia kwa masikio yake mawili, basi friza itakaa jikoni na boksi halitaguswa tena.

Mtu mmoja! Na kliniki inapokea watu ishirini kwa siku! Nilimwonea huruma, kwa kweli.

Jumanne, 4 Machi

Nimefungua na wimbo wa mwaka 1978. Bendi ya watu watatu, wote watatu wanapiga ngoma. Kwanza nilisimama nikatoa maelezo ya dakika sita: chimbuko, mazingira, na kwa nini mwimbaji anakohoa. Kisha nikabonyeza.

Mama mmoja alimbeba mwanawe akahamia nje, juani. Fundi bomba, yule mwenye shavu, aliniuliza kwa unyonge kama hiyo ndiyo mashine atakayowekewa mdomoni. Mzee wa suti aliinuka, akatangaza kwamba jino limepona ghafla, akashukuru, akaondoka bila kofia yake.

Sista akachungulia mlangoni. Akauliza, eti kaka, huo ni wimbo au kuna mtu anaburuta kabati? Nikamwambia ndivyo wanavyosema watu wasio na masikio. Akasema masikio anayo, tena yanamuuma.

Walioomba wimbo urudiwe: hakuna. Walioomba uzimwe: sikuona haja ya kuandika.

Jumatano, 5 Machi

Nimegundua kosa la jana. Nilitegemea muziki. Leo nimetegemea karatasi.

Kila mgonjwa hujaza fomu. Jina, umri, dawa anazotumia, shinikizo la damu, kama ni mjamzito. Nimeongeza kipengele cha sita, chini kabisa, kwa herufi za kusomwa na sisimizi: "Naomba wimbo nitakaousikia urudiwe." Weka alama. Na mtu mwenye jino linalopwita hasomi! Anatia alama kila kisanduku ili mradi aingie ndani. Nimepata alama kumi na nne. Kumi na nne! Kichwa kilivimba hata kofia ya yule mzee isingenitosha.

Jioni nikampelekea Dada fomu zote. Akavaa miwani. Akasoma moja baada ya nyingine, taratibu, kama hakimu. Akaniuliza huyu wa tatu ni nani. Nikamwambia ni fundi bomba. Akasema basi mpe hongera zangu, maana ametia alama hapa kwamba ana mimba.

Nilikosa pa kuuficha uso. Akaendelea kusema kwamba mimi ni mdogo wake wa tumbo moja, nepi zangu amezifua yeye, na hila zangu anazijua tangu natambaa. Alisema kwa masikio, hakusema kwa fomu. Kisha akachukua utepe wa kupimia, akaingia chumbani kwangu bila kubisha hodi, akaanza kupima pembe.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi bomba amerudi. Kumbe jana hakutibiwa. Sista alisoma fomu yake akakataa katakata kumpiga picha ya jino mtu mwenye mimba. Shavu limeongezeka. Nilimsabahi, akanigeuzia kisogo.

Mbinu ya leo: upendeleo. Nilitangaza kwamba atakayeomba wimbo urudiwe ataingia kwa daktari kabla ya wote. Fundi bomba akasimama kama aliyechomwa sindano. Akaninyooshea kidole, akatoa maneno marefu, yote yakiishia ndani ya shavu. Nikageuka kwa umma nikasema mmesikia wenyewe! Sista akasema mgonjwa anaomba maji ya kunywa tu. Akampa. Akanywa. Akaketi.

Nilivunjika moyo. Kwa hasira nikaweka kaseti ya mwaka 1981, bendi niipendayo kuliko zote: gitaa moja bovu, likipigwa na mtu anayelichukia. Nikaongeza sauti. Kitufe cha sauti kikang'oka kikabaki mkononi.

Hapa lazima nieleze kwamba ndani kwenye kiti alikuwa Mwalimu Mstaafu. Mama huyu alifundisha miaka thelathini na tano na haogopi kitu chini ya jua ila sauti ya mashine ya kuchimba jino. Ikianza tu kulia, anapiga yowe ambalo limeshatufukuzia wagonjwa wengi. Jino lake moja daktari ameliziba kwa awamu nne.

Redio ikanguruma. Vioo vikatetemeka. Kitufe cha kuzimia nacho kikakwama, na plagi iko nyuma ya kabati la mafaili, haifikiki. Nikasimama na kitufe changu nikingoja kufukuzwa kazi.

Mlango ukafunguliwa. Daktari alikuwa na machozi. Akasema amemaliza! Jino zima, mara moja, mama hakusikia mashine hata kidogo! Nyuma yake akatoka Mwalimu, nusu ya mdomo imelala kwa ganzi. Akaniuliza kijana, ule wimbo ni wako? Nikakiri. Akasema kesho saa nne anarudi kwa jino la pili, na anataka wimbo ule ule urudiwe. Ule ule, kijana. Alisema mara mbili, kama anayetoa kazi ya kwenda kufanyia nyumbani.

Hatimaye, mtu mwenye masikio! Sista anadai mama amependa tu kutosikia mashine. Wivu mtupu.

Kasoro moja: Dada hakuwepo. Lakini daktari amenipigia hesabu. Wimbo ni dakika tatu; jino la leo lilikuwa na tundu dogo, la kesho ni la dakika kumi. Kila ukiisha, Mwalimu hatakubali mashine iwashwe hadi urudiwe, na mlango utakuwa wazi. Nimempigia Dada. Amekubali kuja, shingo upande. Kazi yangu kesho ni kubonyeza kitufe. Mtoto mchanga anaweza.

Ijumaa, 7 Machi

Dada alifika saa nne na dakika tano, akaketi karibu na mlango, mkoba juu ya magoti. Mwalimu alikuwa kwenye kiti tayari, kinywa wazi, ganzi imeshakolea. Daktari akaniashiria kwa kichwa. Kaseti ilikuwa ndani ya redio. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe.

Hapo dhamiri ya mtaalamu ikaniamka.

Nikawaza: wimbo wa jana alishausikia. Mtu anapoanza kuelimika humlishi kile kile kila siku. Na upande wa pili wa kaseti ile ile kuna wimbo bora zaidi, ambao nina hakika hata bendi yenyewe iliusahau. Gitaa moja, polepole. Mwimbaji ananong'ona. Na katikati, sekunde arobaini za ukimya. Ukimya mtupu! Bendi ya panki! Nani mwingine aliwahi kuthubutu? Akiusikia huo ataomba urudiwe maisha yake yote.

Nikageuza kaseti.

Mwanzo ulipita vizuri, daktari akiwa bado anachagua vifaa. Kisha mnong'ono. Kisha akaweka mashine kwenye jino, na sekunde arobaini zikaanza.

Sijawahi kuisikia mashine ile vizuri namna hiyo. Kila mtu aliisikia. Ilisikika hadi kwa muuza magazeti ng'ambo ya barabara.

Yowe la Mwalimu lilikuwa, niseme haki, na nguvu kuliko chochote nilicho nacho kwenye boksi. Likafuatiwa na yowe la pili, la kiume. Hilo lilikuwa la daktari. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimebaki kati ya meno ya juu na ya chini.

Fundi bomba, aliyekuwa wa pili kwenye foleni, alijifunika uso kwa gazeti.

Mwalimu alitoka na kitambaa cha karatasi cha wagonjwa bado shingoni. Hakuomba wimbo urudiwe. Aliomba kujua jina langu, shule iliyonipitisha, na wazazi walionilea. Dada, ambaye wazazi hao ni wake pia, aliangalia dirishani.

Nikajaribu kueleza thamani ya ule ukimya. Daktari, kidole kikiwa ndani ya bakuli la barafu, akasema nikabidhi redio kwa Sista sasa hivi. Sista akaipokea kwa mikono miwili, kama anayepewa mtoto.

Dada aliondoka kwa miguu, nami nyuma yake hadi kituoni. Hakufoka. Aliniuliza tu, mdogo wangu, uliambiwa ufanye nini? Nikasema nirudie wimbo. Ukafanya nini? Nikasema ni suala la kitaalamu, yeye hawezi kulielewa. Akasema friza inafika saa tatu asubuhi.

Jumamosi, 8 Machi

Nusu siku kazini. Daktari ana bandeji kubwa kama soksi. Sista amepachika koleo mahali pa kitufe cha sauti na anapiga upande wa kwanza wa kaseti yangu, wimbo ule ule wa gitaa bovu, bila kukoma. Hakuna yowe hata moja. Fundi bomba ameng'olewa jino, shavu limenywea, na maneno yake ya kwanza kueleweka tangu Jumatatu yalikuwa haya: sista, hebu rudia hiyo.

Hadi saa sita, watu saba walikuwa wameomba urudiwe. Saba! Kwa hiari! Sista aliwaandika kwenye karatasi, kwa mwandiko mzuri, akaiweka juu ya meza yangu. Mwanamke katili.

Nikampigia Dada, nikaelekeza simu kwenye mlango wa daktari, nikamwambia sikiliza kwa masikio yako, huyo ni wa nane! Dada akasikiliza. Akakubali kwamba amesikia mtu akiomba. Akasema lakini wanamwomba Sista. Tena friza imeshaingia, imewashwa, na imeanza kugandisha. Boksi liko kibarazani.

Nimetafakari sana nikielekea nyumbani, na nimepata somo. Kwanza, ule wimbo umeharibika. Wimbo unaopendwa na fundi bomba hauwezi kuitwa wimbo uliosahauliwa. Nimeufuta kwenye orodha yangu, na kaseti yenyewe waibakize huko huko. Pili, kosa halikuwa langu. Kosa lilikuwa la kaseti. Kaseti ni kitu cha watu wote; mtu yeyote anaweza kuibonyeza, hata Sista. Mtaalamu wa kweli anatumia santuri.

Nilibeba boksi kutoka kibarazani hadi kwa fundi redio wa pale kona. Tumebadilishana papo hapo: kaseti zangu zote mia mbili na kumi na moja, kwa santuri zake mia tatu na kumi. Roki ya miaka ya sitini! Bendi ambazo hata waliozianzisha watakana kuzijua! Nyingine hazina hata maandishi. Alikubali upesi mno, maskini, hajui alichonacho. Alinisaidia hata kuzibeba.

Zimejaza kitanda chote na nusu ya mlango. Dada amezihesabu kwa macho, kisha akaenda kulala kidogo, kasema kichwa kinamuuma. Nimeshaandika maelezo ya santuri ya kwanza, kurasa nne. Jumatatu nitamwomba daktari dakika kumi tu za chumba cha kusubiri, na safari hii mtu mmoja mwenye masikio hakosekani.

Mashine ya kupigia santuri sina.