Dakika Ishirini na Tano na Baba

Jumatatu, 3 Machi
Safari ya shule kwa gari la Baba ni dakika ishirini na tano. Ndizo pekee ninazompata Baba, maana Mama anafanya kazi mji mwingine, na Baba anauza matangi ya maji mpaka giza liingie. Leo nilimweleza kwamba nimechaguliwa kuongoza kwaya Jumamosi na wazazi wamealikwa. Akasema safi sana, nakuja na lori. Lori! Kumbe alikuwa anamjibu mteja kwenye simu. Muuza mikate akaruka mtaroni na baiskeli yake kulikwepa gari letu, akatuita majina ambayo siyaandiki hapa.

Jumanne, 4 Machi
Mwalimu alishatufundisha: dereva anayetazama simu ni sawa na aliyefumba macho. Basi asubuhi niliificha simu chini ya kiti cha Baba. Nilijiona mjanja kweli! Ikaita. Baba akainama kuitafuta. Nguzo ya geti la shule haikutupisha. Hakuna aliyeumia, ila taa moja ya gari na heshima yangu. Mlinzi akaniuliza mbele ya darasa zima, eti mwanangu, baba yako ndiyo kwanza anajifunza?

Alhamisi, 6 Machi
Jana Shangazi, tunayeishi naye, alimsema Baba mpaka chai ikapoa. Baba ameapa: simu inakaa kwenye buti. Nimeshinda! Tukaondoka. Kimya. Nilingoja aanze yeye. Mwishowe akauliza niko darasa la ngapi. Nikasema la saba. Akashangaa, la saba, tangu lini? Nikahesabu nguzo za umeme. Arobaini na moja.

Ijumaa, 7 Machi
Nimegundua kosa langu. Baba hajui kuzungumza bila simu! Nikaazima ya Shangazi. Ya Baba nikaitoa kwenye buti, nikaiweka karibu na usukani. Nikakaa kiti cha nyuma, nikampigia. Akapokea: habari za asubuhi bosi, nikusaidie nini? Nikamweleza habari za kwaya. Akaniona kwenye kioo. Hakukata! Akauliza tunaimba nyimbo ngapi, nani ananionea, viatu bado vinabana? Alicheka hadi tukapita taa nyekundu. Kesho anakuja, bila lori.

Jumatatu nitampigia tena. Ila nimemwonya vikali: akiwa anaendesha, asipokee simu ya mtu mwingine yeyote. Ni hatari.