Hoja ya Bustani

Asubuhi hiyo tulikuta karatasi imebandikwa kwenye nguzo, juu ya kichwa cha Shangazi muuza kahawa: eneo hili litageuzwa kuwa bustani, wafanyabiashara wahame kabla ya mwisho wa mwezi.

"Wiki tatu!" Shangazi akasema, kipepeo cha jiko mkononi. "Miaka kumi na moja nasomeshea watoto hapa. Niende wapi mimi?"

Iliniuma, lakini mimi ni fundi viatu, maneno sina. Mwenye maneno ni Kamusi. Kazi yake kujalidi vitabu, na kila anachopewa kushona anakisoma kwanza, ndiyo maana wateja wake hungoja hadi wanaota mvi.

"Tulieni," akasema, kidole juu. "Bustani ni nini?"

"Majani na maua," akajibu Breki, fundi magari. "Hata mbuzi anajua."

"Mbuzi anajua kula tu. Neno hilo ni la Waajemi. Bu ni harufu nzuri, stan ni mahali. Mahali panaponukia!"

"Acha porojo! Bustani ni Kiarabu. Babu yangu kasoma Kiarabu miaka sita."

"Babu yako alikuta Waarabu wameshalibeba, wakalitungia hadi wingi wao, basatini, utadhani wamelizaa wenyewe."

"Na sisi je?"

"Sisi tukaongeza irabu mwishoni, tukajiona tumefanya kazi."

"Mtoto wa kufikia akilelewa vizuri, humjui," nikachangia.

"Haya," Shangazi akafoka, "huyo Mwajemi atanitafutia pa kuweka jiko?"

Kamusi akainamia birika, akavuta pumzi hadi miwani ikaingia ukungu. "Nuseni! Kahawa, iliki, tangawizi. Hapa pananukia tangu alfajiri. Hapa ni bustani tayari! Watageuzaje bustani kuwa bustani?"

Breki akajipiga paja. "Umemaliza! Andika barua."

Ikaandikwa. Waajemi ukurasa wa kwanza, Waarabu wa pili, sahihi zetu chini, yangu ina doa la gundi. Kamusi akaipeleka halmashauri mwenyewe, kavaa koti.

Siku ya nne afisa akaja na faili. Akaagiza kahawa, akanusa, akatabasamu.

"Nimeisoma barua yenu mara mbili. Kwa kweli hoja haina pingamizi. Kuanzia leo, eneo hili linatambuliwa rasmi kuwa bustani."

Kelele zake! Breki akambeba Kamusi mabegani. Shangazi akacheka huku analia, nami nikajikuta namkumbatia afisa wa watu.

Afisa akajinasua, akafungua faili. "Sasa, kanuni za bustani. Hairuhusiwi kuwasha moto, hairuhusiwi biashara, hairuhusiwi kukaa kwa makundi. Mngebaki eneo la kawaida, mama, ningekuachia hadi mwisho wa mwezi. Lakini bustani ishaanza. Zima jiko."

Breki akamshusha Kamusi polepole, kama injini ya mteja.

Shangazi akamwagia makaa maji. Akafunga vikombe kwenye magazeti, kimoja kimoja, bila kumtukana mtu, na hilo ndilo lililotutia aibu zaidi. Alipojitwisha jiko akamgeukia Kamusi, ambaye tayari alishafungua mdomo.

"Na neno kunyamaza, kaka yangu, limetoka wapi? Uajemi au Arabuni? Maana popote lilikotoka, kwako bado halijafika."