Andromeda Yangu, Andromeda ya Ojulong

Jumatatu, 15 Desemba 2025
Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza. Ojulong wa Mwello ametuma picha nyingine kwenye kundi letu la watazama nyota. Galaksi ya Andromeda, nzima, hata michirizi ya vumbi inaonekana. Wote wamempongeza. Mimi pia nimeweka kidole gumba. Kidole kimeuma.

Hanifah, mwenyekiti wetu, anasema Jumapili tutachagua picha moja ya kalenda ya chama. Chama nilichokianzisha mimi! Miaka minne nina darubini, na picha yangu bora ni ya mwezi, ambao hata mbuzi anauona.

Jumanne, 16 Desemba
Tatizo si mimi. Tatizo ni taa ya Swaliki. Jirani huyu ana stoo ya mahindi, na taa yake inamulika ua wangu kama uwanja wa mpira. Asubuhi nilimwendea kwa hekima. Nikamweleza kuwa wezi wa siku hizi hupenda penye mwanga, maana wanaona vizuri wanachoiba. Alinisikiliza sana. Akaniita ndugu. Akasema hakujua kama wezi wameshaingia mtaani kwetu.

Jioni amefunga taa mbili zaidi.

Jumatano, 17 Desemba
Nilitegemea umeme ukatike. Mwaka mzima hukatika nikishika pasi tu. Leo, hata dakika moja! Malori yanayosubiri kuvuka kwenda Kenya nayo yamewasha kila kilicho na balbu. Nimepiga picha mia mbili. Zote rangi ya chai ya maziwa.

Jovia, mke wangu, ameniambia nikalale. Kwa upole. Hilo ndilo linaloniudhi.

Ijumaa, 19 Desemba
Heri nisingeamka leo. Jana jioni nilikwenda Sikuda, kwa wakwe, kwa sababu huko giza lipo. Sikuwaarifu. Mkwe akibisha hodi lazima achinjiwe kuku, na kuku huchukua saa tatu nzima. Nikasimika darubini nyuma ya shamba lao la muhogo. Baridi! Nikajifunga leso ya Jovia kichwani, nikawasha kitochi chekundu, kile kisichoharibu macho gizani, nikainama kuitafuta Andromeda.

Nyuma yangu mtu akapiga yowe.

“Mchawi! Anaroga muhogo!”

Wakaja na mapanga. Mbele yao wote, mama mkwe. Miaka kumi na tisa sijawahi hata kumtazama usoni, kwa heshima. Akaitambua leso ya bintiye. Akanigeuzia mgongo kwanza, ndipo akasema: “Huyo si mchawi. Ni mkwe wetu, Fabiano. Mpeni chai.”

Heri panga kuliko ile chai.

Leo Jovia ameifua leso mara mbili.

Jumamosi, 20 Desemba
Ojulong amepiga simu. Habari za Sikuda zimeshafika Mwello! Hakucheka, au alicheka mbali na simu. Amesema leo mwezi haupo, mbingu ni safi, nije kwake na kamera. Nikakataa. Kisha nikafikiri: nikienda nitaijua siri yake. Nikakubali kwa sauti ya mtu aliyelazimishwa. Nakwenda kama jasusi.

Jumapili, 21 Desemba
Hana siri. Darubini yake imekaa juu ya mashine inayozunguka polepole kuzifuata nyota. Aliiunda mwenyewe, kwa mota ya gari bovu. Basi. Mengine ni kusubiri. Akaitoa kamera yake, akaifunga yangu. Nikaketi nimpeleleze. Mara ya mwisho kutazama saa ilikuwa saa tatu.

Nilipoamka ilikuwa saa saba usiku. Nimefunikwa blanketi. Ojulong amesimama palepale, anapangusa umande kwenye darubini. Alfajiri akaziunganisha picha kwenye kompyuta. Andromeda! Kutoka kamera yangu! Nilitokwa na machozi. Naandika hili kwa sababu hakuna atakayesoma.

Mchana, mkutano Tororo. Niliweka picha mezani, jina langu chini yake, peke yake. Ojulong hakuleta kitu. Hanifah akaniuliza kila picha ilichukua sekunde ngapi. Nikajibu: nyingi. Akauliza nilizifuataje nyota. Nikatazama dari.

“Tulipiga pamoja,” Ojulong akasema. “Mimi nilishika mashine tu.”

Picha yangu ikashinda. Makofi yalikuwa mazuri, ila mikono yangu haikujua ikae wapi. Nyumbani nikamweleza Jovia yote. Akauliza kama jina la Ojulong litakuwa kwenye kalenda. Nikamwambia nafasi ni ndogo. Akaenda kulala bila kuniaga.

Jumatatu, 22 Desemba
Sikupata usingizi. Mtu hakupi galaksi bure. Ojulong anataka uenyekiti, hakuna jingine. Lazima nimtangulie! Januari nitapiga Wingu Kubwa la Magellan, ile galaksi jirani ya upande wa kusini, na nitaipiga peke yangu.

Jovia ameniambia nimwombe Ojulong anifundishe kwanza. Anifundishe nini? Kazi nimeshaielewa. Unalala saa tatu, unaamka saa saba, galaksi ipo.