Vita vya Sikio la Kushoto

Sogeeni, enyi wenye masikio mazima, mwasikie habari za Fundi Cherehani, bingwa wa sindano, mfalme wa pindo, aliyekwenda vitani peke yake dhidi ya adui aliyejichimbia sikioni mwa paka.

Paka mwenyewe, Mheshimiwa, alikuwa wa mkewe, na mkewe amesafiri kumuuguza dada yake. Siku tatu mfululizo Mheshimiwa alitikisa kichwa na kujikuna hadi damu. Fundi akambeba mpaka kwa daktari wa wanyama, mama wa makamo, naye akamkagua kama jemadari akaguavyo ramani.

"Magonjwa nayo yana mitaa yake, baba," alisema. "Paka wengi huanza kuugua fizi na meno; wakizeeka, figo. Mbwa ndio wa ngozi na masikio. Huyu mdomo safi, figo nzima, ila wadudu wa utitiri wamepiga kambi sikio la kushoto. Matone matatu kila asubuhi. Ukizembea, atakuwa kiziwi."

Neno hilo lilimchoma Fundi. Tangu watoto wahame, ni nani mwingine aliyekaa chini ya cherehani kutwa nzima akimsikiliza?

Kulipopambazuka akajivika koti zito la mteja, lililokuwa likingoja vifungo tu, akashika taulo mkono wa kushoto na chupa ya dawa mkono wa kulia, akasimama mbele ya kabati ambalo Mheshimiwa alikuwa amejificha chini yake.

"Ewe mwenye makucha!" alinguruma. "Sikuja kukudhuru, nimekuja kukukomboa! Toka kwa hiari, tusaidiane!"

Mheshimiwa alitoka, lakini si kwa hiari ya kusaidiana. Alipita juu ya meza, juu ya pasi, juu ya bega la shujaa. Mkono wa koti ukachanika kutoka kiwiko hadi kifundo, na tone la kwanza likaingia sikioni mwa Fundi mwenyewe. Mashambulizi matatu yakafuata, na mara tatu jeshi likarudi nyuma likilamba vidonda.

Hatimaye Fundi alianguka chali sakafuni, hoi bin taabani.

"Basi, mwenzangu," alinong'ona. "Umeshinda. Ila nitaongea na nani?"

Mara uzito laini ukapanda kifuani pake, ukajikunja, ukaanza kukoroma. Fundi akazuia pumzi. Akainua chupa polepole. Moja. Mbili. Tatu.

Akampigia mkewe simu, sauti ikimtetemeka kwa fahari.

"Pole jamani," alisema mkewe. "Kuna aliyeumia sana?"

"Mikwaruzo kumi na mmoja, mke wangu, lakini nimejikaza."

"Namuulizia paka."

Basi na iandikwe, na vizazi visome: asubuhi ile, saa mbili na robo, matone matatu yaliingia sikio la kushoto la paka mmoja, na aliyeyatia alibaki hai.