Kuitwa Misi Ana Ilhali Mimi ni Mweusi

Ndugu Mtendaji wa Kata, Mvumi,

Nakusalimu kwa heshima, ingawa nakuandikia nikiwa nimeumia. Mimi ni mwezeshaji wa mradi wa mpunga wa akina mama hapa kwetu. Mwezi wa tano alitutembelea Bi Loreta, Mmarekani mweusi aliyetoka kutazama wanyama Mikumi. Alifuatana na mama mmoja wa kizungu, ambaye mchana kutwa alitufundisha kusonga ugali. Mama huyo alipokwenda msalani, Bi Loreta alituambia kuwa kwao watu weusi wana jina la mzungu wa namna hiyo, anayekusemesha kama mtoto ilhali wewe ndiye unayemlisha. Humwita Misi Ana. Akiwa mwanamume, Mista Chali. Akina mama walicheka hadi wakakaa chini. Nami nilicheka.

Wageni wakaondoka. Jina likabaki, na sasa naitwa mimi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mimi ni mweusi, mzaliwa wa Munisagara. Jina hilo si saizi yangu.

2. Kosa langu ni kumshika Mama Kulwa mikono na kumwonyesha jembe linavyoshikwa. Analima tangu sijazaliwa, ni kweli, lakini aliyehudhuria semina ya Morogoro ni mimi. Akaniambia taratibu, mbele ya wenzake, "Ahsante, Misi Ana." Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani na viatu miguuni.

3. Siku hizi hata mabibi wenye vitukuu hunipa shikamoo. Mwanzoni niliitikia marahaba, nikidhani mradi umeanza kuzaa matunda.

4. Mume wangu Jovin, fundi simu asiyemfundisha mtu chochote, anaitwa Mista Chali. Amelipenda. Amelichora kwenye kibao cha duka.

5. Akina mama wanakutana bila mimi. Mpunga umestawi kuliko mwaka jana, jambo linalonitia wasiwasi mkubwa.

Kwa hiyo naomba itungwe sheria ndogo kwamba jina hilo ni la wazungu peke yao. Ikishindikana, tuletewe mzungu mmoja wa kudumu hapa katani, ili jina lipate mwenyewe nami nirudishiwe langu.

Wasalimie nyumbani, wenyeviti wote wa vijiji, na Mama Kulwa ukikutana naye.

Aliyeumia,
Devota Mathayo

Nyongeza: Nimetumia maneno mepesi kwa makusudi, maana najua ninyi watu wa ofisini mambo marefu huwachosha. Palipokushinda weka alama tu, usione aibu. Jumatatu nitakuja tusome pamoja, sentensi moja moja.