Video ya Kwaya Imegoma Kupanda

Jumapili, 3 Septemba 2023

Siku kubwa. Jana nilirekodi video ya kwaya yetu hapa Nangara, kwa kamera ya kweli, ya kuazima. Leo baada ya ibada nikasimama nikatangaza: mimi Gerson, Mwenyekiti wa Habari na Teknolojia, nitaipandisha mtandaoni peke yangu. Cheo hicho sikupigiwa kura. Kulikuwa na nafasi, nikaijaza.

Waandaaji wa tamasha la kwaya Arusha wanaitaka kwenye folda yao ya mtandaoni kabla ya Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Ikichelewa, basi. Mwalimu wetu wa kwaya, Mwalimu Eliakunda, ametufundisha miaka ishirini na nane na Desemba anapumzika. Tamasha hilo tumeliomba mara tatu, tumelikosa mara tatu. Akanishika mkono akasema, mwanangu, wimbo huu nimeutunga mwenyewe, usiniache niende nao kaburini. Nikamwambia kesho muda wa chai wimbo utakuwa umefika Arusha.

Meijo, jirani yangu, dereva wa bajaji na mwimba besi, akadakia eti naye amerekodi kwa simu aliyoiegemeza dirishani, iwe akiba. Kwa simu! Kwaya ikacheka. Nadhani ilimcheka yeye.

Video yangu ni dakika saba na giga kumi na moja. Sekunde ishirini za mwanzo ni jina langu.

Jumatatu, 4 Septemba

Muda wa chai: asilimia tisa. Si neno. Kitu kizito hupanda polepole. Video imekaa kwenye folda, kompyuta inaipandisha yenyewe na kuhesabu. Kazi yangu ni kuangalia tu.

Saa kumi jioni: sitini na moja! Nikamwita mke wangu, Mama Brayan, aje aone. Akaja, akaona, akarudi kwenye maharage yake.

Kwa kuwa nilikuwa nimekaa tu, nikaifungua video kuitazama. Meijo yuko mbele muda wote na meno yake. Nikamkata. Pale alipokuwa nikaweka jina langu. Nikahifadhi. Kazi safi.

Kugeuka, hesabu inasema sifuri.

Sifuri! Kuna mkono wa mtu hapa. Mama Brayan akakiri kwamba neno la siri la intaneti yetu alimpa Meijo tangu Pasaka. Na saa kumi Meijo huangalia mpira. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumanne, 5 Septemba

Nimebadilisha neno la siri. Sasa ni MeijoHapati. Mama Brayan akaliomba, nikaona haya kulitamka, nikamwambia ni la kiofisi. Hajanisemesha tangu asubuhi. Kuna utulivu mzuri wa kufanya kazi.

Mchana: sabini na nne. Nikatumia nafasi hiyo kuboresha. Jina langu sasa linatokea katikati ya moshi. Nikahifadhi, nikanawa mikono, nikala. Kurudi: sifuri!

Huyu Meijo si mtu wa kawaida. Neno la siri hana na bado ananiibia, bila shaka kupitia ukutani. Nikafikiri sana. Mtu akiiba kuku, unafanyaje? Unamfungia kuku ndani. Nimekichukua kile kisanduku cha intaneti chenye taa nikakiweka ndani ya sanduku la bati la vitenge vya harusi vya Mama Brayan, waya wa umeme nikaupitisha kwenye tundu la kutu, nikapiga kufuli. Mtanikoma!

Saa tatu baadaye: asilimia moja.

Simu yangu nayo imekosa mtandao humu humu sebuleni. Meijo ana nguvu kuliko nilivyodhani.

Jumatano, 6 Septemba

Nimejishusha. Nimekwenda kwa Jacqueline, yule binti mwenye steshenari karibu na stendi, anayewatumia watu maombi ya kazi. Akaniamkia vizuri, shikamoo Baba Brayan. Akaniuliza kisanduku cha intaneti nimekiweka wapi. Nikasema mahali salama, ndani ya sanduku la bati, chini ya vitenge. Akaomba samahani, akaenda nyuma ya mashine ya fotokopi. Nilimsikia akicheka mpaka akakohoa.

Aliporudi akanipa mawaidha, kana kwamba nilimwomba. Eti bati linazuia mawimbi, nikitoe. Eti nikiunganishe na kompyuta kwa waya. Eti giga kumi na moja kwa wimbo mmoja ni kama kupeleka kilo moja ya mchele kwa lori, niipunguze uzito. Na la mwisho akalisema mara mbili, kidole juu: Baba Brayan, faili likianza kupanda usiliguse. Ukilibadilisha hata nukta moja, linahesabiwa jipya na kuanza mwanzo.

Watoto wa siku hizi! Mali yangu, nisiiguse? Nikamshukuru, nikaondoka.

Sanduku nimelifungua, kwa sababu Mama Brayan alitaka kitenge. Waya nimeuchomeka, kwa sababu ulikuwepo. Sasa inakwenda mbio. Hilo nililigundua mwenyewe.

Alhamisi, 7 Septemba

Mwalimu Eliakunda amekuja na viazi vitamu kwenye kikapu. Nikampa shikamoo na kiti kizuri. Akaomba aione hesabu. Themanini na nane. Akakaa, mikono mapajani, macho kwenye kioo, kama mtu anayesubiri maziwa yachemke. Themanini na tisa. Tisini.

Akasema ubeti wa pili alisaidiwa na marehemu mumewe. Wakati ule mume alikuwa hawezi tena kuinuka kitandani, alikuwa akimwimbia kwa pumzi. Akasema angependa watu wausikie mahali ambapo hawamjui yeye wala mumewe, ajue kama ni mzuri kweli au wanamwonea huruma. Nikajifanya napangusa kioo cha kompyuta. Nayaandika haya kwa sababu hakuna atakayeyasoma.

Alipoaga ilikuwa tisini na tatu. Kwa uchungu ule ule nikasema huyu mama anastahili kilicho bora. Nikaifungua. Mwishoni palikuwa pameandikwa Asanteni, bila namba yangu ya simu! Watu wa Arusha wakinihitaji watanipataje? Nikaiweka, kwa herufi nyekundu. Ikanibidi nipunguze ubeti wa pili kidogo.

Sifuri.

Nimeona aibu kama dakika nne. Kisha nikakumbuka kwamba bajaji ya Meijo ilikuwa imepaki dirishani kwangu muda wote.

Ijumaa, 8 Septemba

Saa mbili asubuhi: thelathini. Saa saba: hamsini na tano. Umeme ukakatika, ukarudi. Saa kumi: sabini na nane. Leo sijagusa kitu. Nimeyakalia mikono yangu, kweli kabisa, mpaka ikafa ganzi.

Saa kumi na moja Mwalimu Eliakunda akapiga simu. Sauti ilikuwa ndogo. Akauliza, imefika? Nikasema imefika, Mwalimu, salama kabisa. Akashukuru Mungu, kisha mimi, kisha Mungu tena.

Kumbe Mama Brayan alikuwa mlangoni. Akatazama kompyuta: themanini na moja. Akanitazama mimi. Nikaanza kumweleza habari za Meijo na mawimbi. Akasema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Akachukua ile barua ya waandaaji yenye anwani ya folda, akatoka na kandambili zake hadi kwa Meijo. Nikasikia bajaji ikiwashwa. Nimekimbiwa na mke, nikawaza, na kwa bajaji.

Saa kumi na mbili kamili: themanini na nane. Muda umekwisha. Nimeanza kuandaa maelezo. Nitasema folda yao ilijaa.

Jumapili, 10 Septemba

Tumechaguliwa!

Mchungaji alipotangaza, kanisa lililipuka kwa vigelegele. Nikainuka, nikafunga kifungo cha koti, nikapokea makofi kwa kuinamisha kichwa. Mchungaji akaniomba nikae, akaendelea kusoma. Video ilipokelewa Ijumaa saa kumi na mbili kasorobo, ikitokea steshenari kwa Jacqueline. Ilirekodiwa kwa simu ya ndugu Meijo. Ilipanda kwa dakika nne. Waandaaji wanasema wimbo umewatoa machozi, hasa ubeti wa pili. Wana ombi moja tu: yule bwana anayepita mbele ya kwaya mara tatu akibeba miguu ya kamera, asipande jukwaani Arusha.

Kanisa zima likageuka. Nami nikageuka, nitazame ni nani.

Mwalimu Eliakunda alikuwa analia na kucheka pamoja, amemshika Meijo mkono. Kwa mkono ule ule alionishikia mimi Jumapili iliyopita. Kisha akaja kwangu. Nilidhani atanisema. Akasema, Gerson mwanangu, ulisema imefika, na kweli imefika. Akaenda zake. Sijui kwa nini maneno hayo yameniuma.

Nimerudi nyumbani peke yangu. Mama Brayan amebaki kwenye soda na wenzake. Na nimekuta nini? Umeme uliokuwa umekatika tangu Ijumaa usiku umerudi, na kompyuta haikukata tamaa! Asilimia tisini na tisa! Folda bado iko wazi. Video yangu ikifika kwa jina lile lile la faili waliloagiza waandaaji, ile ya simu itafutika, na Arusha wataona kazi ya kitaalamu. Kwaya itanishukuru. Bado dakika chache tu.

Lakini ngoja. Pale mwanzoni, kwenye moshi, pameandikwa Gerson tu. Bila cheo. Mtu aliyeifikisha kwaya Arusha! Naifungua mara moja, naongeza cheo, nafunga. Haiwezi kuchukua muda.